Mahali pa Kuwapeleka Wakwe

Siku mume wangu alipotutoka alikuwa amekwenda kuonja supu ya mbuzi.

Mgahawa mpya ulikuwa umefunguliwa upande wa Kabundaire na watu walikuwa wanausifu, naye hakuvumilia kusikia mahali panasifiwa kabla hajapaonja mwenyewe. Isitoshe, binti yetu Kunihira alikuwa ametuambia anaolewa, na kwamba wakwe watatoka Kumi, kule Teso, safari ya kuvuka nchi nzima. Mume wangu alikuwa ameshaanza kupanga watakula wapi. Jina lake lilikuwa Rusoke, lakini kwetu Fort Portal mtu mzima hasalimiwi kwa jina lake hivi hivi. Anasalimiwa kwa empaako, jina la upendo alilopewa na watu wa kwao wakiwa mezani, na yake ilikuwa Amooti. Yangu ni Adyeri.

Mchana akanipigia simu.

"Adyeri, pale wageni wasipelekwe. Chumvi nyingi, na nyama imeharakishwa."

"Mbona unapumua kama mtu aliyeshiba?"

"Sasa ningejuaje chini ya bakuli kukoje?"

Akacheka, akakata simu. Njiani kurudi kwenye cherehani yake alichoka, akaketi kwenye ngazi ya duka la mabati, akamwomba mwenye duka maji. Maji yalipofika hakuyahitaji tena.

Alikuwa fundi nguo katika soko la Mpanga, na suti za mabwana harusi wengi wa mji huu zilipita mikononi mwake. Ndivyo lile jambo la kutembeza wageni lilivyoanza. Kijana anakuja kupimwa kiuno, huku analalamika kwamba wageni wake wanatoka Mbarara au Gulu na hajui wale wapi, waone nini, maana harusi ni siku moja nao wanakaa tatu. Amooti anaweka futi shingoni, anaanza kueleza, na kabla hajamaliza kueleza ameshafunga duka na kwenda nao. Wateja walikuwa wanakuta mlango umefungwa na kuambiwa fundi yuko mapangoni na watu wa Gulu.

Alikuwa na mambo yake aliyoyashika. Mgeni asionyeshwe kitu akiwa na njaa, ataona mawe tu. Mgeni asiambiwe habari za Rwenzori siku ya kwanza, kwa sababu mlima ule hukaa mawinguni wiki nzima na mgeni atadhani mmemdanganya. Aachwe tu, asubuhi moja atatoka nje na mswaki mdomoni, aone theluji, aje mbio kuwaamsha wenzake kana kwamba ameigundua yeye. Na mgeni akisema ameshiba, apewe muda, asipewe sahani.

Katika safari hizo zote mimi nilikuwa nyuma, nimebeba mwavuli. Amooti alisema kwa niaba ya wote wawili, na hakuna aliyeona upungufu.

Kwa hiyo shemeji yangu Manyindo, ambaye empaako yake ni Araali, hakukosea sana alipotaka harusi isogezwe mwaka mmoja. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu na ndiye mkuu wa ukoo wetu.

"Msiba bado mbichi, Adyeri," aliniambia. "Halafu, wageni atawapokea nani? Wewe? Wewe ambaye hata kanisani unaimba kwa midomo tu?"

"Harusi ipo," nikasema.

Akasubiri niongeze neno.

Wiki chache kabla ya harusi Kunihira akapiga simu kutoka Kumi, ambako alikuwa amepata kazi ya uuguzi. Nilijua kwa jinsi alivyonisalimu kwamba ana jambo.

"Mama, Toto amesema atakuja kanisani tu." Toto ndivyo wanavyomwita mama kule, na huyu alikuwa Asekenye, mama yake Etyang, mchumba wake. "Kanisa likiisha anapanda basi, anarudi na watu wake. Jumapili hatakuwepo."

"Kwa nini?"

Akanieleza. Mwana mkubwa wa Asekenye alikuwa ameoa kwa watu wengine, mji mwingine. Ndugu walisafiri siku nzima, wakawekwa hotelini, wakasahauliwa. Hakuna aliyewaambia wale wapi. Walikula chapati kavu kituo cha mabasi wakiwa wamevaa nguo za harusi, na bibi harusi walimwona kwenye picha. Mkwe yule hajawahi kukanyaga Kumi mpaka leo, na wajukuu Asekenye anawasikia kwenye simu tu. Tangu hapo aliapa kwamba hatakuwa tena mgeni wa wakwe.

"Mama, mimi ndiye nitakayekaa naye ua mmoja," Kunihira akasema. "Akiondoka kwetu bila kula, ataniangalia kila siku kwa jicho lile lile. Baba angejua la kufanya."

Angejua. Jumapili baada ya harusi ndiyo siku ukoo wetu unapowalisha wakwe karo, ugali wetu wa ulezi, na kuwapa empaako. Mkwe asiyekaa Jumapili anabaki mtu wa kuangaliwa kwa mbali. Humwiti kitu. Mnakutana sokoni mnakohoa.

"Mwambie aje," nikasema. "Mengine niachie."

Nilipokata simu nikajiuliza nimeyatoa wapi maneno hayo.

Wageni, pamoja na Kunihira na Etyang, walifika Alhamisi jioni na basi dogo la kukodi. Asekenye alishuka wa mwisho: mrefu, mkavu, shuka begani, chupa ya chai mkononi. Nyuma yake vijana wakaanza kushusha mfuko wa unga, ndoo ya karanga za kusaga, sufuria, na jiko la mkaa.

"Tumekuja na vyetu," akatangaza, kabla hata hajasalimiwa. "Hatutamsumbua mtu."

Araali, aliyekuwa amevaa kanzu na koti kwa ajili ya hotuba, akaninong'oneza, "Wametuletea jiko! Wanadhani huku tunakula mbichi?"

Hotuba aliikunja. Wageni wakawasha jiko lao mbele ya nyumba ya wageni, wakapika, wakala, wakaosha vyombo. Mimi niliketi nao nikiwaangalia. Walinipa chai. Nikanywa.

"Huyu mama yako hasemi?" Asekenye akamwuliza Kunihira mbele yangu.

"Huwa hivyo, Toto."

"Afadhali. Wale wengine walisema sana."

Ijumaa asubuhi nikawafuata mapema kabla hawajawasha moto. Etyang aliniona kwa mbali akaja mbio. Ni kijana mpole, mwalimu, na hofu yote ya mambo haya ilikuwa imemkaa usoni.

"Mama, atakataa," akasema.

"Mwambie tunakwenda kutembea. Jiko walibebe wakitaka."

Walitaka. Tukapita katikati ya mji, mimi mbele na mwavuli, Asekenye, Kunihira, shangazi za Etyang na vijana nyuma yangu, na kijana mmoja amejitwika jiko. Nikawapeleka moja kwa moja kwa Atwooki, nyuma ya soko. Atwooki, mama mwenye mgahawa, ni mfupi, ana sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto, na firinda yake Amooti aliiweka juu ya zote. Ni maharage yanayolowekwa, yanamenywa ganda moja moja, yanapikwa mpaka yanakuwa laini kama uji mzito, halafu samli.

Asekenye hakuagiza. Aliketi kiupande, kama mtu anayesubiri basi. Atwooki akamwekea bila kuulizwa.

"Haya yote nani aliyakalia akayamenya?" Asekenye akauliza akiinamia sahani.

"Mimi na dada zangu."

"Hamna kazi nyingine?"

"Hatuna!" Atwooki akasema, na jikoni kote wakacheka, na wageni nao.

Akaonja. Akaonja tena. Halafu akamega karo, akaivingirisha, akaishikilia hewani akiiangalia.

"Huu ugali wenu ni wa mtoto anayeota meno."

"Na wenu ukoje?"

"Wetu tunatia ukwaju. Ukiutupa ukutani, ukuta unaomba radhi."

"Kwenu mnakula au mnapigana?"

"Vyote," Asekenye akasema, na akamega tonge la pili.

Sahani yake ilipokwisha Atwooki akaileta nyingine, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana alipotaka kumkaribisha vizuri alinigeukia mimi. "Adyeri, empaako yake nani?"

Jibu lipo, na Amooti alikuwa analitoa upesi kabla swali halijaisha: bado, tutampa nyumbani. Mkwe hupewa na ukoo, mezani kwao, na mtu huwa na moja tu. Lakini kinywa changu kilikuwa kimejaa, na karo ni chakula kisichomezwa kwa haraka. Nikainua mkono. Atwooki akadhani ninaomba mchuzi.

"Hana?" akashangaa. "Mama mzima kama huyu hana? Nimwamkie vipi, nimwambie 'wewe'? Hapana, jamani. Kuanzia leo huyu ni Abwooli. Abwooli, karibu sana!"

Na wanawake wote jikoni wakaitikia, "Abwooli! Abwooli, umeamkaje?"

Asekenye akawatazama mmoja mmoja. "Wananiita mimi?"

"Wanakuita wewe, Toto," Kunihira akasema, akiniangalia kwa macho makubwa.

Nikameza. Ilikuwa imeshachelewa.

Kutoka pale tukaenda Amabere, kwenye yale mawe yaliyoning'inia kama matiti na kudondosha maji meupe. Kijana anayepokea watu pale aliwasimulia habari za Nyinamwiru, binti wa mfalme, na baba yake aliyemkata matiti ili asiolewe, na jinsi yalivyogeuka mawe na maziwa hayajakauka mpaka leo. Wageni wengi hupiga picha hapo. Asekenye aliuliza swali.

"Na huyo baba alifanywa nini?"

Kijana akajikuna. "Hakufanywa kitu, mama."

"Nyie nyote mnakuja kuangalia mawe, na mwenye kisu mmemwacha aende zake?"

"Ilikuwa zamani sana."

"Hata zamani kulikuwa na fimbo."

Kijana alicheka mpaka akaegemea mwamba. Kisha akataka kumwamkia kwa heshima zote, akaniangalia, nami nilikuwa nimemshika mkono shangazi mmoja asiteleze penye utelezi, na kabla sijageuka nikasikia anasema, "Basi kwangu wewe ni Ateenyi. Ateenyi, karibu tena!"

"Nina lingine," Asekenye akamwambia. "Nimepewa sokoni."

"La sokoni ni la sokoni. Hapa ni mapangoni."

Hilo lilimpendeza kuliko mawe. Njia nzima kwenda ziwani nilimsikia nyuma yangu akilisema polepole kwa ulimi wake, Ateenyi, Ateenyi, kama mtu anayepima kiatu. Tulipofika juu ya Nyinambuga, mahali unaposimama na ziwa liko chini kabisa kama maji yaliyosahauliwa katika bakuli, alisimama ukingoni akilitazama. Amooti alinifundisha kwamba hapo mtu asisemeshwe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma hakufundishwa hivyo. Alimpa hindi na empaako kwa pamoja, Akiiki, empaako ya binti yangu mwenyewe.

"Sasa mimi na bibi harusi ni kitu kimoja," Asekenye akasema akitafuna. "Kesho aende kuolewa nani?"

Alikuwa anacheka. Meno ya mbele yalikuwa na uwazi ambao sikuwa nimeuona tangu Alhamisi. Etyang alimtazama mama yake kama mtu anayeuona mlima baada ya mawingu. Lakini tuliporudi mjini alimwita dereva, nikasikia kwa masikio yangu anamwambia: kesho kanisa likiisha, basi liwe mlangoni, limegeuzwa.

Jioni Araali akaja rasmi. Alikuwa amenyoosha upya koti na hotuba. Aliketi mbele ya nyumba ya wageni, akasafisha koo, akaanza:

"Mkwe wetu mpendwa, kwa desturi zetu wewe bado hujapata empaako, na kwa hiyo nashindwa kukuamkia inavyostahili..."

"Anazo!" watoto wa wageni wakapiga kelele. "Anazo tatu! Abwooli! Ateenyi! Akiiki!"

Araali akashusha karatasi. Akanigeukia taratibu.

"Adyeri. Mkwe wetu amepewa empaako njiani?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tatu?"

Nikatikisa tena.

"Na nani?"

"Wa kwanza ni yule wa maharage," Asekenye akamsaidia. "Halafu wa mawe. Halafu wa mahindi."

Araali alisimama, akaketi, akasimama tena. "Wa mahindi! Ukoo wetu una wazee, una meza, una viti, halafu mkwe wetu anapewa empaako na mtu wa mahindi! Mtu hatembei na tatu, mama. Haijapata kutokea. Watu watakuamkia utaitika ipi?"

"Nimeitika zote leo. Hakuna aliyelalamika."

"Hili halimalizwi hapa barabarani. Linamalizwa nyumbani, Jumapili, karo ikiwa mezani, ukoo umeketi."

"Mimi naondoka kesho."

"Basi utaondoka na fujo!"

"Nimekuja na jiko, nitaondoka na fujo," Asekenye akasema. "Si mzigo."

Vijana walicheka, lakini yeye hakucheka. Alinigeukia. Alikuwa ameshika kikombe cha chai na alikiweka chini.

"Wewe, mkwe wangu usiyesema. Umenizungusha mchana kutwa. Hukuniambia kula, nikala. Hukuniambia tazama, nikatazama. Sasa sema. Unataka nini kwangu?"

Wote wakanitazama. Nilitafuta kwa mkono mtu wa kuegemea upande wa kushoto, mahali Amooti alipozoea kuketi, nikakuta ubavu wa kiti.

"Mume wangu alipanga safari yenu kabla hajafa," nikasema. "Siku aliyokufa alikuwa anaonja chakula ajue kama kinawafaa. Nimekupeleka mahali alipotaka upelekwe. Pamebaki mahali pamoja tu, mezani kwangu, na hapo siwezi kukupeleka. Ni lazima uje mwenyewe."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Araali alikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Asekenye alikichukua tena kikombe. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

"Hiyo karo ya Jumapili," akasema hatimaye, "nani anaisonga?"

"Mimi."

"Laini kama ile ya leo?"

"Laini zaidi."

"Mungu atusaidie," akasema, akaingia ndani kulala.

Jumamosi kanisa lilijaa. Kunihira alipendeza. Etyang alivaa suti ambayo Amooti aliikata na mwanafunzi wake akaimalizia, na ilimkaa vizuri begani, kwa kuwa mabega yalikatwa na mwenyewe. Kwaya iliimba, nami nikaimba kwa midomo. Lakini sitasema uongo, mawazo yangu hayakuwa kwa padri. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlangoni niliona basi lile dogo, limegeuzwa, mbele limeelekea barabara ya Kampala. Wakati wa kutia saini nikasikia dereva anawasha injini.

Tukatoka. Ngoma zikaanza, wanawake wakapiga vigelegele, watu wakamzunguka bibi harusi. Asekenye alimkumbatia Kunihira, akamkumbatia mwanawe, akajitanda shuka vizuri. Kisha akapita katikati ya watu wanaocheza, akaenda moja kwa moja kwenye basi, akapanda.

Kunihira alinishika mkono. Araali, karibu yetu, alivua kofia.

Basi halikuondoka. Tulisikia ndani yake sauti ya kugombana, kitu kinavutwa, kitu kinaanguka. Halafu Asekenye akashuka kinyumenyume, akiburuta mfuko wa unga.

"Zima hiyo kelele!" akamwambia dereva. "Unamaliza mafuta bure. Safari ni Jumatatu." Na kwangu akasema, akihema, "Usisimame hapo kama mlingoti, mkwe. Shika upande huo. Nusu unga wako, nusu wangu. Sitakubali watu wangu wale uji Jumapili."

Nikashika upande ule. Tukaubeba mfuko kati yetu, mimi na nguo yangu ya harusi na yeye na yake, na watu wakatupisha wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mpaka tunafika kwenye gari la harusi tulikuwa weupe wa unga mpaka viwikoni, na binti yangu analia na kucheka, na wapiga picha hawajui wampige nani.

Jumapili jikoni kwangu palikuwa vita. Asekenye alitaka ukwaju, nikakataa. Nikaongeza maji, akanipiga kofi mkononi. Aliniambia mwiko wangu ni wa kukorogea chai. Nilimwambia kwao wanasonga kama wanafyatua matofali. Sikumbuki lini niliwahi kumwambia mtu yeyote maneno kama hayo. Shangazi za Etyang na dada zangu waliacha kazi wakasimama mlangoni kututazama. Karo iliyotoka haikuwa ya kwetu Tooro wala ya Teso, ilikuwa na rangi ambayo hakuna aliyeijua, na Araali alikula matonge mengi akisema baada ya kila moja kwamba haifai.

Tulipokwisha kula alinawa mikono, akaitisha utulivu.

"Mkwe wetu. Umekula kwetu, umekaa kwetu. Sasa tutamaliza ile fujo. Ukoo umekaa, na mimi napendekeza upewe Abbooki, empaako ya heshima, ambayo hakuna mtu wa mahindi aliyeigusa."

Asekenye akafikiri. "Marehemu alikuwa nani?"

"Amooti," Araali akasema, na sauti yake ikashuka.

Watu wenye empaako hiyo ni wengi mjini, na ukiita Amooti sokoni watageuka nusu ya soko. Hakuna ambaye angemkatalia. Niliona dada zangu wanatafuta vitambaa vya kufutia machozi.

"Sikuuliza ili nichukue," Asekenye akasema. "Niliuliza ili nijue. Hiyo iacheni ilipo." Akanitazama mara moja, akaangalia pembeni. "Mimi nataka ile ya yule wa maharage."

"Ya sokoni!" Araali akasema kwa uchungu.

"Nilikuwa nakula aliponipa. Si mlisema inatolewa mtu akiwa anakula?"

Wazee wakaangaliana. Mmoja, shangazi wa Amooti, akasema kwamba kwa kweli, kama ilikuwa karo, na ilikuwa firinda, na mtu wa ukoo alikuwepo, basi imeshatolewa, na inahitaji tu kuitikiwa. Wote wakanigeukia, maana mtu wa ukoo aliyekuwepo ni mimi.

Nikasimama. Safari hii kinywa kilikuwa kitupu.

"Abwooli," nikasema, "umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, Adyeri," akajibu, na nyumba ikalipuka.

Kunihira na Etyang wanaishi Kumi, ua mmoja naye. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda kwao, ukoo mzima, Araali akiwemo, na basi tumeshalikodi. Tunaondoka Alhamisi alfajiri, na Abwooli ameagiza tusile kitu njiani.